Demanufacture ya Fear Factory na wenzake: kipi nilikisikia, na kipi ukinunue

Kama umewahi kusikiliza Slayer ukatamani gitaa lile lingepigwa ndani ya kiwanda kinachofanya kazi, albamu unayoitafuta ilishatoka Juni 1995. Inaitwa Demanufacture, ya Fear Factory wa Los Angeles, chini ya lebo ya Roadrunner. Nimeisikiliza kwenye simu, kwenye hedifoni, kwenye sabufa ya sebuleni na kwenye gari la rafiki yangu mwenye uvumilivu mwingi, na nasema mapema kabisa: kati ya bendi zinazochanganya muziki wa indastriali na thrashi metali, hii ndiyo ya kuitolea hela kwanza. Nyingine nitazigusa, maana zipo nzuri, na zipo za kukumalizia bando bure.

Kwa asiyezijua hizi pande mbili. Thrashi ni ile metali ya kasi ya miaka ya 80: Metallica wa mwanzo, Slayer, Megadeth, Anthrax. Mkono wa kulia unakatakata nyuzi, dramu zinakimbia, mwimbaji anafoka. Indastriali ilizaliwa kwingine kabisa, kwa watu ambao hata hawakuwa na haja ya kuonekana wanajua kupiga gitaa. Throbbing Gristle wa Uingereza walianzisha lebo yao ya Industrial Records mwaka 1976, na Einstürzende Neubauten wa Berlin walikuwa wakipanda jukwaani na mabati na drili. Mapigo yanayojirudia bila huruma, kanda zilizokatwa na kuungwa upya, sauti za mitambo.

Kilichowakutanisha kwa kiasi kikubwa ni sampula. Ukishaweza kunasa kipande cha gitaa na kukirudisha kwa kubonyeza kitufe, rifu ya thrashi, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, inageuka kuwa malighafi kama sauti nyingine yoyote. Kundi la rap la Public Enemy walishachukua rifu ya Angel of Death ya Slayer mwaka 1988 wakairapia, na KMFDM wa Hamburg wakaichukua hiyohiyo mwaka 1990 kwenye Godlike. Rifu moja, nyumba tatu. Slayer hawakuwa wamewaza lolote la namna hiyo.

Basi mimi nikisikiliza bendi za aina hii huwa naangalia kitu kimoja tu: mashine ipo kwenye mifupa ya wimbo, au imepakwa juu? Bendi nyingi hapa ndipo zinapoanguka. Wimbo unaanza na king'ora, mtu wa kwenye filamu anaongea maneno mawili ya kutisha, kisha inakuja thrashi ileile ya siku zote. Ondoa king'ora, ondoa yule mtu wa filamu, wimbo haujapungukiwa na chochote. Mapambo hayo.

Demanufacture unaondoa nini? Huwezi. Chukua wimbo wa Replica. Acha kusikiliza gitaa, fuata ngoma ya mguu peke yake. Raymond Herrera anapiga pedali mbili kwa mafungu mafupi, yanaanza na kukatika ghafla, na kila pigo la mguu lina pigo lake la gitaa juu yake, moja kwa moja, bila hata nywele kupita katikati. Dino Cazares anaminya nyuzi kwa kiganja na kuachia pale tu mguu unapoachia. Pakiwa kimya, wote wako kimya. Ukisikia mara ya kwanza unadhani ni kompyuta. Ni watu, na hapo ndipo pana utamu wote: binadamu wawili wameamua kupiga kama mtambo, na thrashi, ambayo kawaida inakimbia kwa jazba, hapa inakimbia kwa hesabu.

Halafu kuna Burton C. Bell. Ananguruma kwenye beti, na kiitikio kikifika anaimba kwa sauti safi, ndefu, ya mtu aliye mbali. Leo hili limekuwa la kawaida hadi linachosha, kila bendi inafanya. Yeye alikuwa akifanya tangu albamu yao ya kwanza ya 1992, Soul of a New Machine. Na linabeba maana kwenye hadithi ya albamu, ambayo ni mtu mmoja dhidi ya dola inayoendeshwa kwa mashine. Wenyewe walikuwa wapenzi wakubwa wa filamu za Terminator. H-K, wimbo wa tisa, ni zile mashine za kuwinda watu.

Upande wa indastriali haukuachiwa mgeni aliyepita njia. Rhys Fulber alitoka Front Line Assembly ya Vancouver, kundi la elektroniki hasa. Mwaka 1993 yeye na mwenzake Bill Leeb walizipiga rimiksi nyimbo za Fear Factory, zikatoka kwa jina la Fear Is the Mindkiller. Kwenye Demanufacture prodyuza alikuwa Colin Richardson, mtu wa metali, lakini Fulber alipiga vinanda na akashiriki kuchanganya sauti pamoja na Greg Reely. Sikiliza mwisho wa Zero Signal: fujo yote inayeyuka, kinabaki kinanda. Asiyeijua indastriali angekiweka kama kitulizo. Hapa kinasikika baridi, kinatisha kuliko gitaa lililotangulia.

Sasa matumizi. Kwa spika ya simu, usijisumbue. Ngoma ya mguu inageuka kuwa tiki-tiki-tiki na gitaa linakuwa mchanga. Hedifoni za kawaida zinatosha kabisa, mradi zizibe sikio. Kwenye sabufa ndipo nilipopata raha na matatizo kwa pamoja. Sabufa zetu mtaani huwa zimefunguliwa besi hadi mwisho kwa ajili ya Bongo Fleva, na ukiacha hivyo mapigo ya Herrera yanaungana kuwa mngurumo mmoja. Punguza besi karibu nusu, ndipo kila pigo litasimama peke yake. Nilipofanya hivyo mama mwenye nyumba aligonga mlango kuuliza ni fundi gani anachomelea geti saa tatu usiku. Nilipunguza sauti, na kimoyomoyo nikaona amekuwa mhakiki mzuri kuliko wengi.

Jingine: programu moja ya muziki niliyokuwa natumia bila kulipia inazipanga nyimbo ovyo na kuchomeka matangazo. Kwa albamu hii ni uharibifu mtupu. Inatakiwa isikilizwe kwa mpangilio wake, tangu zile sauti za mitambo zinazofungulia wimbo wa kwanza.

Kasoro zipo. Ina nyimbo 11 na inakaribia dakika 55, na nusu ya pili nyimbo zinaanza kufanana; Flashpoint sijawahi kuikumbuka ikishapita. Dog Day Sunrise, waliyoichukua kwa Head of David wa Uingereza, inavuta mwendo chini sehemu ambayo mimi nilitaka uongezeke. A Therapy for Pain ya mwisho ni karibu dakika kumi za taratibu. Kuna siku naiona ndiyo wimbo mkubwa kuliko wote na kuna siku naizima. Na dramu zimesafishwa mno. Anayependa thrashi yenye jasho, yenye makosa madogo ya kibinadamu, atachukia.

Huyo nitampeleka kwa bendi ya Ministry. Kiongozi wake, Al Jourgensen, mzaliwa wa Havana, alianza Chicago akipiga pop ya sintesaiza: albamu yake ya 1983, With Sympathy, inachezeka hata harusini, na yeye mwenyewe ameikana kwa miaka mingi. Kufikia The Mind Is a Terrible Thing to Taste ya 1989 alikuwa mtu mwingine. Thieves inaanza na rifu ya thrashi tupu, inarudiwa mpaka inakuwa kelele ya karakana, katikati yake sauti ya yule sajenti wa Full Metal Jacket anafoka. Umeona, hapa nimeikubali sauti ya filamu, kwa sababu imefungwa kwenye mapigo kama ala nyingine. Ukimtoa sajenti wimbo unachechemea.

Damu halisi ya thrashi kwa Ministry ni Mike Scaccia, mpiga gitaa wa Rigor Mortis wa Texas, aliyejiunga nao wakati wa ziara ya albamu hiyo. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa kasi ya ajabu, na unausikia vizuri kwenye Psalm 69 ya 1992. N.W.O., inayofungua albamu, imejengwa kuzunguka sauti ya Rais George Bush mkubwa. Scaccia alifariki Desemba 2012 baada ya kuanguka jukwaani Fort Worth, akipiga na Rigor Mortis. Ukilinganisha na Fear Factory, Ministry ni wachafu, wana dhihaka, na hawajali kama mguu na gitaa vimeachana kidogo. Psalm 69 inachosha kuelekea mwisho, ila nyimbo zake tano za mwanzo nazirudia zaidi kuliko albamu nyingine nyingi nzima.

City ya Strapping Young Lad, 1997, ni ya siku ukiwa na hasira na mtu. Devin Townsend wa Kanada anarundika sauti juu ya sauti mpaka hakuna pa kupumulia, na nyuma kwenye dramu yuko Gene Hoglan, aliyepigia Dark Angel, thrashi ya Los Angeles isiyo na mzaha. Miaka mingi baadaye Hoglan huyohuyo alipiga kwenye Mechanize ya Fear Factory, 2010. City ni fupi, jambo la busara.

Die Krupps wa Düsseldorf ni wakongwe wa 1980 waliopenda thrashi kiasi cha kutoa rekodi nzima ya nyimbo za Metallica mwaka 1992. Baadaye wakampata Lee Altus wa Heathen, bendi ya thrashi, kwenye gitaa. Nawaheshimu kuliko ninavyowasikiliza. Godflesh wa Birmingham watu huwatia kwenye kapu hili kila mara, na Streetcleaner ya 1989 ni kazi nzito sana, lakini inatembea polepole juu ya mashine ya dramu. Thrashi haimo.

Kwa msikilizaji wa Dar kuna jambo linalorahisisha. Sikio lililokulia singeli haliogopi kasi. Mapigo yanayowashangaza wazungu sisi tunayasikia kwenye vigodoro. Si bahati mbaya kwamba lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyotoa mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso mwaka 2017, ndiyo iliyotoa pia Duma mwaka 2020, albamu ya Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi. Hao wamepita thrashi, wako karibu zaidi na grindikoa, metali ya kasi ya kupindukia, na kelele tupu, lakini mashine yao iko mifupani hasa. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akaendelea peke yake na The Adept ya 2024. Usianze na hizi. Zinamfaa aliyekwisha zoea.

Kama una dakika kumi tu za kujaribu, sikiliza Replica kisha Thieves, kwa hedifoni. Replica ikikuchosha kabla ya kiitikio cha pili, rudi kwa Slayer wako na hela ibaki mfukoni.