Sanduku la mawe la watoto: mawe mazuri, lebo ovyo

Nilinunua sanduku hili Arusha mjini, kwenye duka la vinyago, kwa sh 35,000. Lina mawe 12, kila moja kwenye kichumba chake cha kadibodi, pamoja na lenzi na karatasi ya maelezo. Binti yangu ana miaka 8 na mifuko ya sare yake haikosi kokoto, nikaona nimtafutie mawe yenye majina.

Mimi nilivutiwa na la Longido, la kijani lenye mabaka mekundu ya rubi. Yeye akang'ang'ania kipande cha kinywe cha Mererani, cheusi, kinateleza kama kimepakwa mafuta. Kufumba na kufumbua vidole vyeusi, jina lake liko ukutani. Nikamwambia tanzanaiti huchimbwa kwenye miamba yenye kinywe hichohicho, na ndicho kilichochanganywa na udongo ndani ya penseli yake. Akaenda kuleta penseli, akachora mistari miwili kulinganisha. Ukutani tena.

Sasa lawama. Jiwe namba 7 limeandikwa "kwatsi". Kwatsi hukwaruza kioo. Hili tulilisugua kwenye chupa ya soda, chupa haikupata hata alama. Msumari ndio ukalikwangua lenyewe, bila shida. Tukadondoshea siki kwenye ule unga, vipovu vikaanza kupanda, binti ameinama pua karibu iguse. Hiyo ni kalsaiti. Nikarudi dukani. Kijana muuzaji akanijibu, "Mzee, si yote ni mawe tu?" Kubadilishiwa hakuna.

Akiki ya bluu nayo imetiwa rangi: pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha ilirudi bluu. Lenzi ni ya plastiki, usiihesabu. Ulanga tuliutazama kwa macho matupu na ulitosha, unabanduka tabaka kwa tabaka, jembamba kuliko nailoni ya kufunikia daftari.

Kwa sh 20,000 ningenunua tena, na siki ningekuwa nayo mkononi palepale dukani. Binti keshaongeza mawe tisa ya kutoka korongo la nyuma ya nyumba, ameyapanga kwenye trei ya mayai. Lebo ya namba 7 ameikata, akaandika yake kwa kinywe: KALSAITI, SI KWATSI.