Mota za roboti ya mashindano: tazama shafti kabla ya kasi

Timu nyingi za wanafunzi huchagua mota za magurudumu kwa namba mbili tu, kasi na nguvu. Kisha mechi zinaanza na roboti inapinda kushoto. Kitovu cha gurudumu kinateleza juu ya shafti (mhimili wa mota)! Enkoda, kifaa kinachohesabu mizunguko, iko nyuma ya mota, kabla ya giaboksi (kisanduku cha gia), kwa hiyo inahesabu sawasawa huku gurudumu limebaki nyuma. Watu wa programu wanakesha na msimbo, kumbe kosa ni skrubu ya kitovu.

Chaguo la kwanza, na silifichi, ni mota ya kampuni ya goBILDA, Yellow Jacket 5203 ya mizunguko 312 kwa dakika. Shafti yake ni ya pembe sita zilizoviringwa, milimita 8, na kitovu cha kubana huikumbatia pande zote. Ikiwa na gurudumu la milimita 96, hufika kama mita 1.6 kwa sekunde bila mzigo. Ile ya 435 hukimbia zaidi, lakini kwenye kusukumana huchoka mapema.

Ya pili ni HD Hex ya kampuni ya REV yenye giaboksi ya UltraPlanetary. Gia zake za 3:1, 4:1 na 5:1 hupangwa upya bila kununua mota nyingine. Shafti ya milimita 5 ni nyembamba, hivyo usiache gurudumu lining'inie mbali. Weka beringi upande wa pili.

Shafti ya D (ya mviringo wenye upande mmoja bapa) ya milimita 6 inayoshikwa kwa skrubu, itumie kama tayari unayo. Skrubu ikae kwenye upande bapa, tia tone la Loctite ya buluu, gundi ya kuzuia skrubu kulegea (isiguse plastiki ya polikaboneti, huipasua), kisha chora mstari wa rangi kutoka shafti hadi kwenye kitovu. Mstari ukikatika baada ya mechi, kitovu kimeteleza.

Vimota vya plastiki vya volti 3 hadi 6 ni vya mazoezi ya mezani.

Kinachoudhi ni baadhi ya wauzaji kuandika kasi ya juu na nguvu ya juu pamoja, kana kwamba hupatikana kwa wakati mmoja. Kasi ile ni ya mota isiyobeba kitu; nguvu ile ni ya mota iliyokwama, na hapo 5203 moja huvuta ampea 9.2. Nne zikikwama ni karibu 37, na fyuzi ya betri ya FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, ni ya 20. Umbo na kipenyo cha shafti, ambavyo ndivyo vinavyohitajika, hawaandiki, na kitovu wanakiuza kando. Uliza vyote vitatu kabla ya kulipa. Asiyejibu, mwachie mota yake.