Kliniki ya altrasaundi Makupa: ngazi nyingi, lakini wanaeleza

Nilimpeleka mamangu kupimwa mfuko wa nyongo kwenye kliniki moja ndogo Makupa, ghorofa ya pili, lifti hakuna. Aliambiwa asile tangu usiku, kwa hivyo mahamri aliyaacha huku amenuna. Foleni ndefu, feni mbovu. Hapo nawakata alama.

Lakini yule dada wa mashine, mashallah! Mama aliona mchirizi mweusi kwenye skrini akashtuka: "Mwanangu, hilo nini?"

"Kivuli tu, mama. Jiwe ni hiki cheupe hapa juu. Mawimbi ya sauti hayapenyi, ndiyo maana nyuma yake kuna giza." Akamlaza ubavu wa kushoto, jiwe likabingirika pamoja na kivuli chake. Lingeganda palepale na kukosa kivuli, alisema, angeshuku zaidi kinyama kilichoota kwenye ukuta wa mfuko wa nyongo.

Mahali pengine kwenye skrini ikatokea mistari myeupe iliyopangana kama ngazi: gesi ya matumbo. Sauti inadunda huku na huku kati ya gesi na kifaa cha kupimia, na mashine, inayokadiria umbali kwa muda wa mwangwi (ikichukulia kwamba sauti husafiri mwilini mita 1540 kwa sekunde), hudhani kila mwangwi uliochelewa umetoka ndani zaidi. Akabadilisha pembe, ikatoweka.

Ripoti tulipewa papo hapo. Ijumaa nendeni asubuhi, mchana hufunga kwa swala.