Kuunga vipande au kurekebisha rekodi moja?

Umeimba wimbo mara tano na hakuna mara iliyotoka safi mwanzo hadi mwisho. Njia ni mbili: kuchagua kila mstari pale ulipotoka vizuri zaidi na kuviunga vipande hivyo, au kushika rekodi moja yenye hisia na kurudia kuimba palipoharibika tu.

Kuunga vipande kunakupa uhuru mkubwa, ila kazi yote iko kwenye viungo. Kata kwenye ukimya, au kabla tu ya konsonanti ngumu kama k, t au p, maana mshindo wake huficha kiungo. Ukikata katikati ya irabu iliyovutwa, sikio hugundua mara moja. Pishanisha vipande kwa milisekunde 10 hivi, cha kwanza kififie huku cha pili kikipanda, usije ukasikika mlio wa "tik". Pumzi usizifute zote. Mwimbaji asiyevuta pumzi anachosha kumsikiliza. Ila pumzi mbili zikifuatana, ondoa moja.

Kurudia palipoharibika ni haraka zaidi, na mtiririko wa hisia haukatiki. Shida ni ukichelewa: kesho sauti yako imebadilika, na umbali wako na maikrofoni si uleule. Rekebisha siku hiyohiyo, na anza kuimba mstari mmoja nyuma.

Mimi huanza na rekodi moja, kisha naazima vipande viwili vitatu kutoka nyingine. Nikijikuta nabadilisha kila neno, narudi kuimba upya.