Cruiser 79 niliyoinyanyua: springi za nyuma zimefumuliwa na kupangwa upya, rivyu baada ya miezi minne

Wakuu habari. Niliahidi kuandika hii kitu mda mrefu, sasa gari imeshapiga masika nzima na springi mpya kwahiyo naweza kusema kitu ambacho nimekiona, sio cha siku ya kwanza unatoka gereji kila kitu kinang'aa.

Gari ni Land Cruiser 79 pikapu, injini ni ile 1HZ ya lita 4.2, mbele koili nyuma springi za pleti (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) kama zinavyotoka zote kuanzia 1999. Kazi yake ni kupeleka maji, chakula na mahema kambini huko Ngare Sero, natoka Mto wa Mbu napita Engaruka mpaka Ziwa Natron, mara nyingine naendelea kupandisha ule ukuta wa Sonjo, mteremko mkali wa Bonde la Ufa, mpaka Wasso. Waliopita ile njia wanajua, ni makorongo mwanzo mwisho, unashuka tairi la kushoto limezama la kulia liko juu, na mvua ikinyesha korongo la jana sio la leo.

Mwaka juzi niliinyanyua inchi mbili, nikanunua seti ya springi za nyuma kwenye duka moja la spea, jina sitaji. Muuzaji aliniambia hizi ni za kazi, nzito, hutarudi tena hapa. Na kweli kwa kubeba zilibeba. Ila gari ikawa kama meza. Ukiingia korongo kwa pembe tairi moja ya nyuma inaning'inia hewani inazunguka bure, difu yangu ya nyuma haina loki (ile inayolazimisha matairi yote mawili yazunguke pamoja), kwahiyo tairi ikishaacha ardhi safari imeishia hapo, toa koleo. Nilikwama sehemu ambazo kabla ya kuinyanyua nilikua napita na gia ya pili bila kuwaza. Hii iliniuma sana kwasababu nilitoa hela ili gari iende mbali zaidi, ikawa inaenda karibu zaidi.

Nikaanza kuuliza uliza, wengi wakaniambia weka loki. Loki ni kitu kizuri na nitaweka, lakini fundi springi mmoja mtu mzima hapa Arusha aliniambia neno nikalielewa hapo hapo, akasema mwanangu gari yako umeipa urefu ila miguu umeifunga kamba. Huyu ndio nilimpa kazi na rivyu hii ni ya kazi yake.

Kwanza hakugusa springi. Alipima. Tulienda kwenye uwanja wa ghala moja lenye foklifti, tukanyanyua tairi ya nyuma ya kulia polepole huku mtu kalala chini anaangalia ya kushoto inaacha ardhi lini. Iliacha kwenye sentimita 41. Halafu akafungua shokapu zote mbili za nyuma, tukarudia, ekseli ikashuka zaidi kabla ya kubeba tairi. Yani shokapu zilikua fupi, springi inataka kushuka lakini shokapu imeshafika mwisho inaishika kama kamba ya mbuzi. Muuzaji wa kwanza alinipa springi za kunyanyua akaniacha na shokapu za urefu wa kiwandani. Kama umenyanyua gari na hujabadilisha shokapu angalia hiki kabla hujatoa hela nyingine yoyote, kupima ni bure.

Cha pili alichonionyesha ni sheko, zile pasi mbili zinazoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi. Springi ikinyooka inakua ndefu, ikijikunja inakua fupi, sheko ndio inaipa nafasi ya kurefuka na kufupika. Inatakiwa gari ikiwa imesimama sheko iwe imelala kidogo kuelekea nyuma, ili iwe na nafasi ya kwenda huku na huku. Zangu kwa vile springi zilikua na tao kubwa mno zilikua zimevutwa mbele, na bushi zilikua za plastiki ngumu ambazo hazijawahi kuona grisi. Alipofungua ile bolti ilibidi aitoe kwa nyundo. Bushi ngumu kavu haikubali springi ijipinde kwa ubavu, na gari ikiwa imekaa pembe kwenye korongo springi lazima ijipinde. Akaweka bushi za raba. Na hapa kuna kitu mafundi wengi wanakosea, bolti za bushi za raba hazikazwi gari ikiwa juu ya jeki, unashusha gari ikae na uzito wake ndio unakaza mwisho, ukikaza ikiwa inaning'inia raba inakaa imejisokota mda wote na itakatika mapema.

Sasa tuje kwenye springi zenyewe, hapa ndio nilijifunza. Seti yangu ilikua na pleti 6 za unene wa milimita 8. Mi nilijua pleti chache ndio laini, kumbe hapana. Ugumu wa pleti unaenda na unene mara unene mara unene, kwahiyo ukiongeza unene mara mbili ugumu unaongezeka mara nane. Akanipigia hesabu kwa chaki sakafuni: 8 mara 8 mara 8 ni 512, mara pleti 6 unapata 3072. Pleti za milimita 6 ni 216, hata ukiweka 9 unapata 1944. Umeongeza pleti tatu na springi imekua laini kwa zaidi ya theluthi, kama upana na urefu ni ule ule. Halafu pleti nyembamba inakubali kujikunja sana bila kuchoka kuliko nene. Urefu nao unaenda hivo hivo kwa upande wa pili, springi ikiwa ndefu kwa asilimia 10 inapoteza karibu robo ya ugumu, ila kurefusha inabidi uhamishe masikio ya kwenye chesisi yanayoshika ncha za springi na gari ya kazi sikutaka kuikata kata.

Kwahiyo akapanga upya. Pleti 9 za milimita 6, kila moja fupi kuliko ya juu yake kwa ngazi zinazolingana, pleti ya pili inaizunguka kwa mbele ile pleti kuu yenye macho (matundu ya bolti kwenye ncha) ili pleti kuu ikikatika porini ekseli isikimbie. Chini kabisa akaweka pleti moja nene iliyonyooka, haigusi kitu gari ikiwa tupu, inaanza kubeba pale nikipakia mapipa matatu ya maji ambayo ni kilo 600 kwenda juu. Tao lilipunguzwa kwa presi, baridi, bila moto. Jamani, akija fundi na gesi anataka kupasha springi yako ili aikunje mwambie asante na uondoke. Chuma cha springi ukikipasha bila kukichovya na kukipasha tena kidogo kinakua chuma cha geti, kinakaa vizuri wiki mbili halafu kinalala.

Kabla ya kufunga alisugua kutu yote katikati ya pleti, ncha za kila pleti alizipiga grainda zikawa mviringo maana zile zilizokatwa mraba zinachimba pleti ya juu yake, na kwenye kila ncha akaweka kipande cha plastiki ngumu cha kutelezea. Nilimuuliza kwanini asipake grisi tu, akasema kwa vumbi la majivu la kule mlima wa volkano wa Lengai grisi itakua msasa. Nimemwelewa zaidi baada ya safari ya kwanza, nilikuta vumbi limekaa kila mahali ila pleti bado zinateleza.

Kitu alichofanya ambacho sijaona kwa mwingine ni zile klempu zinazozishika pleti pamoja. Za nyuma ya ekseli aliziacha wazi, zina nafasi, pleti zinaachana springi ikishuka. Za mbele ya ekseli alizikaza. Sababu ni kwamba springi laini ina ugonjwa wake, ukikanyaga mafuta kwenye mchanga difu inataka kujigeuza, springi inajikunja kama herufi S, propela inapiga kelele na mwishoni krosi (viungio vya propela) zinakufa. Nusu ya mbele ikiwa imeshikana inazuia kiasi. Na kwasababu hiyo hiyo hakutaka kusikia habari ya kuweka vibao vya chuma kati ya springi na ekseli kunyanyua gari, vile vinaupa ule mgeuko mkono mrefu zaidi.

Mengine nitataja haraka: shokapu ndefu mpya, stopa za kugongea zimeshushwa sentimita 4 ili shokapu isifike mwisho ikifungwa, hosi ya breki ya nyuma ndefu zaidi, bomba la kupumulia difu, yubolti mpya zinazofunga springi kwenye ekseli (za zamani hazirudishwi, zimeshavutika). Na kile kivalvu cha breki cha nyuma chenye mkono unaoshikana na ekseli kilirekebishwa, hiki ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, ukinyanyua gari kinadhani gari ni tupu kinapunguza breki za nyuma, na wewe una mapipa mgongoni unashuka ukuta wa Sonjo. Mimi niliendesha hivo karibu mwaka mzima bila kujua, nikikumbuka natetemeka.

Tukarudi kwa foklifti. Sentimita 63. Gari ile ile, matairi yale yale.

Njiani sasa. Korongo la kwanza baada ya Engaruka ambalo lilikua linanilaza, nililiingia kwa pembe ile ile makusudi, dereva mwenzangu kasimama nje anaangalia, tairi ya nyuma ikashuka ikaenda kukaa chini kama mtu anatafuta ngazi gizani, gari ikapita. Ikiwa tupu pia mgongo unapumzika, kwenye zile barabara za matuta matuta kama ubao wa kufulia nyuma hairuki ruki tena kwenda pembeni. Abiria wangu wa kambini ndio wa kwanza kusema kabla sijawaambia kitu.

Ubaya upo. Kwenye lami ukitoka Makuyuni na mzigo inalala kwenye kona kuliko zamani, inabidi upunguze mwendo, huwezi kuingia nayo kama springi nene. Ukipakia zaidi ya tani nyuma inakaa chini na stopa zinagonga kwenye mashimo, kwahiyo kama kazi yako ni kubeba saruji kila siku hii seti usifanye, baki na nene. Na ule mgeuko wa difu haujaisha kabisa, nikiondoka kwenye mchanga mzito na mzigo kamili nasikia mtetemo kidogo, fundi anasema tukiweka fimbo ya kuzuia itaisha, tutaifanya mwezi ujao.

Bei, ufundi na pleti ilikua chini ya nusu ya ile seti ya dukani ya kwanza, shokapu ndio zilikula hela. Kazi ilichukua siku tano, aliniambia tatu, hapo namkata alama moja maana nililala gesti siku mbili ambazo sikuzipanga na kambi ilikua inasubiri maji. Kwa kazi yenyewe nampa zote.

Yubolti alinikazia tena baada ya kilomita 500 bila kunidai, na kweli nati mbili zilikua zimelegea karibu robo mzunguko. Juzi nimekaza tena mwenyewe, hazijasogea.