Gundi ya kukanda ya mawe ya tangi la chumvi: inashika, ila si kama kifurushi kinavyodai

Niseme mapema: gundi hii hainati. Kifurushi kimeandikwa kwa herufi nene kwamba inaunganisha mawe ndani ya maji, nami nikaamini. Mara tatu nimeshindilia donge kati ya mawe mawili, nikahesabu dakika, nikaachia mkono polepole. Mara zote tatu jiwe la juu limenyanyuka na donge lake lote, safi kama kifuniko cha chupa. Hata hivyo, leo upinde wa mawe matatu umesimama ndani ya tangi langu la samaki wa maji ya chumvi, la lita 200, na ni gundi hiyohiyo iliyoushika. Ndiyo maana nimeona niandike.

Ni epoksi ya sehemu mbili, kijiti kama chaki nene, sehemu moja imeizunguka nyingine. Unakata kipande, unavaa glavu, unakanda. Hapo usiwe na haraka. Ukiona bado kuna mistari ya rangi mbili, endelea, maana penye mstari patabaki laini hata wiki ijayo. Kwangu ilichukua kama dakika mbili donge kuwa rangi moja, kisha likaanza kupata joto kiganjani. Joto hilo ndilo saa yako: ukilisikia, muda wa kuzubaa umekwisha.

Kosa langu lilikuwa kudhani inashika kwa kunata. Inashika kwa kujipenyeza kwenye matundu ya jiwe na kugandia humo. Sasa jiwe lililokaa majini miezi kadhaa lina utelezi wa bakteria na mwani, na donge likiwekwa juu ya utelezi linaushika utelezi, jiwe halina habari. Nikachukua mswaki, nikasugua mahali pa ukubwa wa sarafu mpaka weupe wa jiwe ukatokea, halafu nikalisukumiza donge kwa kidole gumba hadi likaingia matunduni. Nusu ya matatizo ikaisha. (Jiwe lenye zoanthidi, wale wanyama wadogo wa jamii ya matumbawe, usilisugue hivyo. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali isiyo na mzaha. Glavu na miwani ni lazima, na jiwe la namna hiyo halichemshwi kamwe.)

Nusu iliyobaki niliimaliza kwa supaglu ya jeli, ile ya sianoakrileti. Jeli, donge, jeli. Unapaka jeli upande mmoja wa donge, unalibandika kwenye jiwe huku ukilisokota kidogo, unapaka jeli upande wa pili, unaleta jiwe jingine, unasokota tena. Kusokota huko si mbwembwe. Sianoakrileti huganda kwa unyevu, kwa hiyo ikigusa maji tu inavaa ngozi nyeupe. Usipoipasua ngozi hiyo, gundi mbichi inabaki imefungiwa ndani na haijagusa kitu. Nilishikilia mawe dakika kumi, mkono ukafa ganzi, samaki wakaja kunidonoa kiwiko. Nilipoachia, hakuna kilichotikisika.

Kinyongo changu ni kimoja: kijikaratasi cha ndani hakisemi neno juu ya skima, kile kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu na kuukusanya kwenye kikombe. Usiku ule niliiacha ikifanya kazi kama kawaida. Asubuhi kikombe kimefurika, povu limetambaa ubavuni mwa tangi, na maji ya chumvi yamefika chini ya kabati. Epoksi mbichi huipagawisha skima, wakati mwingine hadi siku ya pili. Jambo la kawaida kabisa kwa wafugaji wa matumbawe, na mtengenezaji analijua, basi angeandika mstari mmoja tu! Siku hizi nashusha kiwango cha maji ndani ya skima kabla sijakanda chochote, naweka kaboni mpya ya kuchuja maji, na sizidishi madonge mawili kwa siku.

Kama ndiyo kwanza unajenga na mawe ni makavu, hii si ya kwako. Chukua supaglu nyepesi na mchanga mkavu wa aragonaiti, yaani mchanga wa chokaa: jaza mchanga kwenye kiungo, dondoshea gundi, na sekunde chache baadaye pameshakuwa jiwe. Hutoa mvuke unaowasha macho, kwa hiyo fungua madirisha au toka nje. Wala usifute iliyomwagika kwa kitambaa cha pamba. Pamba na gundi hiyo vikikutana hupata joto la kuunguza. Mimi nilijifunzia kwenye kidole.

Epoksi za mafundi bomba hufanana na hii kama mapacha, lakini nyingine zina unga wa chuma au shaba. Ziache hukohuko. Shaba, hata kidogo, huua kamba, konokono na matumbawe. Silikoni yenye dawa ya kuzuia ukungu nayo ni vivyo hivyo. Saruji inafaa, ila hupandisha pH na inataka kulowekwa wiki kadhaa ukibadilisha maji, na mimi sina subira hiyo.

Usiitwishe mzigo unaoning'inia. Nilipotaka jiwe litokeze kama rafu, nilitoboa mawe yote mawili, nikapitisha kijiti cha akriliki, na epoksi ikawa ya kujaza nafasi tu. Jiwe la chini kabisa limekaa juu ya kioo chenyewe, mchanga umekuja baadaye, kwa sababu nina kamba mchimbaji ambaye hana heshima na msingi wa mtu.

Rangi? Wanaiita zambarau ya mwani wa chokaa. Mimi niliona chingamu iliyotafunwa. Mwani wa chokaa wenyewe umeshaanza kuifunika, kwa hiyo siwezi kulalamika sana.

Nitanunua tena. Kijiti kimebaki nusu, nimekifunga vizuri kisikauke. Jeli ndiyo imekwisha.