KeePassXC: sanduku la nywila lisilohitaji intaneti

KeePassXC ni programu ya bure inayofungia nywila zako zote ndani ya faili moja la .kdbx, kwenye kompyuta yako mwenyewe. Unakumbuka nywila kuu tu. Hapo ndipo wengi huharibu: jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, alama ya mshangao mwishoni. Wadukuzi huujaribu mtindo huo mapema kabisa.

Badala yake, iache programu ikuundie nywila kuu: bofya picha ya dadu, fungua sehemu ya kaulisiri (nywila ya maneno kadhaa), weka idadi ya maneno iwe 6. Huchotwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 7,776. Usibadilishe hata moja kwa sababu hulipendi. Ukianza kuchagua mwenyewe, nguvu ya bahati nasibu inapungua. Orodha ni ya Kiingereza, jambo linaloudhi, ila unaweza kuingiza ya Kiswahili.

Kwa akaunti nyingine, herufi 20 zinatosha, kila akaunti na nywila yake, ili tovuti moja ikivuja nyingine zibaki salama. Tovuti ikikataa alama, ziondoe na uongeze urefu. Ukinakili nywila, hufutika kwenye ubao wa kunakili baada ya sekunde 10. Hili nalisifu sana.

KeePassXC haina toleo la simu; kwenye Android, programu nyingine iitwayo KeePassDX hufungua faili hilohilo. Ukihariri faili katika vifaa viwili kwa wakati mmoja, utapata nakala zinazopingana, itakubidi uziunganishe. Tena ukisahau nywila kuu, hakuna wa kukurudishia. Iandike karatasini, ifungie mahali salama, na nakala ya faili iweke kwenye flashi.